Ucheleweshaji wa mtandao katika michezo ya kompyuta

Ucheleweshaji wa mtandao katika michezo ya kompyuta ni muda unaopita tangu mchezaji anapobonyeza kitufe hadi taarifa hiyo ifike kwenye seva ya mchezo na jibu lirudi kwenye kompyuta yake. Hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, na wachezaji hukiita kipimo hicho "pingi". Pingi ikiwa kubwa au ikiyumba, mchezo huganda au wahusika huruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Hali hiyo huitwa "lagi".

Katika Afrika Mashariki ucheleweshaji una uzito wa pekee, kwa kuwa seva za michezo mingi ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kusini. Mchezaji aliye mbali na seva anaweza kushindwa na mpinzani wa kiwango chake kwa sababu tu taarifa humfikia akiwa amechelewa.

Tofauti na kasi ya intaneti

Kasi ya intaneti ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde, ilhali ucheleweshaji ni muda wa safari. Kupanua barabara huruhusu magari mengi zaidi kupita kwa pamoja, lakini hakufupishi umbali. Mchezo wa mtandaoni hutumia data kidogo ukilinganishwa na kutazama video, kwa hiyo kununua kifurushi chenye kasi kubwa zaidi mara nyingi hakupunguzi pingi. Kinachokula bando zaidi ni kupakua mchezo wenyewe na masasisho yake, ambayo huweza kufikia gigabaiti nyingi.

Umbali na njia ya data

Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walitembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, Tabora ya leo, kwa kufuata njia ya misafara. Leo data hupita katika nyuzi za kioo za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaoendeshwa na TTCL. Mwanga ndani ya nyuzi hizo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kati ya Tabora na Dar es Salaam, ambako kwa reli ni zaidi ya kilomita 800, safari ya kwenda na kurudi huhitaji takriban milisekunde 8 tu. Kwa hiyo mchezaji wa Itetemia, kata ya Manispaa ya Tabora, hapungukiwi sana kwa kuwa bara. Sehemu kubwa ya safari huanzia pwani.

Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kwa njia hiyo huchukua karibu nusu sekunde. Kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010.

Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni takriban kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, na hadi Frankfurt ni takriban 7,000. Mwanga peke yake huhitaji milisekunde 25 na 70 kwa safari hizo, kwenda na kurudi. Pingi halisi huwa kubwa zaidi, kwa sababu kebo hupinda na data hupitia vituo vingi njiani.

Kutambua chanzo cha tatizo

Kabla ya kununua kifaa chochote, inafaa kujua kama tatizo liko kwenye kompyuta, nyumbani au nje ya nyumba.

- Michezo mingi huweza kuonyesha pingi na idadi ya fremu kwa sekunde. Fremu zikishuka huku pingi ikibaki ileile, tatizo ni la kompyuta.
- Amri ya ping, iliyomo katika Windows na Linux, hupima safari hadi anwani yoyote. Pingi ya kufika kwenye ruta ya nyumbani kwa waya huwa chini ya milisekunde 5. Ikiwa kubwa au ikiyumba, kasoro iko nyumbani.
- Pingi ikiwa nzuri asubuhi na mbaya jioni, huenda mtandao umezidiwa na watumiaji.

Mipangilio ya mtandao

Hatua yenye faida kubwa ni kuchagua eneo la seva lililo karibu. Dota 2, kwa mfano, ina seva za Afrika Kusini, na Counter-Strike humruhusu mchezaji kuweka kikomo cha pingi anayoikubali.

Waya kutoka kwenye ruta huwa thabiti kuliko Wi-Fi. Anayetumia simu kama hotspoti anaweza kuiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB na kuiweka penye mawimbi mazuri. Masasisho ya Windows, upakuaji na video kwenye vifaa vingine husimamishwa wakati wa kucheza.

VPN kwa kawaida huongeza safari, ingawa mara chache huipatia data njia fupi zaidi. Nchini Tanzania, mwaka 2023 TCRA iliwataka wanaohitaji kutumia VPN kutoa taarifa zao ili zisajiliwe.

Mipangilio ya kompyuta

Fremu 60 kwa sekunde humaanisha picha mpya kila milisekunde 17 hivi. Kompyuta dhaifu huongezewa fremu kwa kupunguza ubora wa vivuli, madoido na ukubwa wa picha, na kwa kufunga programu nyingine. Kusasisha programu endeshi ya kadi ya picha husaidia pia. Vumbi la kiangazi huziba feni, na prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe. Kusafisha feni hakugharimu kitu na mara nyingi hurudisha fremu zilizopotea.

Mipaka

Hakuna mpangilio unaoweza kufuta umbali, na programu zinazodai kuondoa lagi kabisa haziwezi kupita kasi ya mwanga. Pia mchezaji hana uwezo juu ya kebo zenyewe: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Nafuu ya kudumu hutokana na kuwepo kwa seva karibu na wachezaji na kebo nyingi zinazopita njia tofauti.