Waliotutangulia Safarini: Toamasina na Gendia

Yubile hii imetukuta tukifunga mizigo. Baadhi ya wanakwaya wenzetu, wa sauti zote nne, wanajiandaa kwenda kujitolea Madagaska, kusaidia kujenga madarasa na kuimba. Historia ya kwaya yetu mnaijua, na wazee wataisimulia vizuri zaidi kutoka madhabahuni. Mimi nimeona niandike juu ya watu waliowahi kufunga safari za namna hii kabla yetu, maana walichobeba na walichosahau kubeba kinatuhusu sisi wa Sindo mwaka huu.

Nianze na kisiwa chenyewe. Mwaka 1818 vijana wawili wa Wales, David Jones na Thomas Bevan, walishuka Toamasina, bandari ya mashariki ya Madagaska. Walikuwa wametumwa na shirika la London Missionary Society. Kwa vipimo vya siku zile walikuwa wamejiandaa barabara. Walikuwa wamesomea Neno na ualimu, na hawakuwapeleka jamaa zao moja kwa moja. Walitangulia wenyewe, wakafungua shule ndogo, wakaona watoto wanashika masomo. Ndipo wakarudi Morisi kuwachukua wake na watoto wao.

Kilichowaponza ni kalenda. Walirejea mvua zikiwa zimeanza, majira ambayo homa hutawala pwani ile. Katika miezi michache mke wa Jones alifariki na mtoto wao pia, kisha Bevan, mkewe na mtoto wao. Katika familia mbili akabaki Jones peke yake, naye mgonjwa. Dawa ya kutegemewa haikuwepo: kwinini ilitenganishwa na gome la mti na wanakemia wawili wa Ufaransa mwaka 1820. Mwaka huohuo Jones alirudi, safari hii akapanda hadi Antananarivo kwenye nyanda za juu, kwa Mfalme Radama wa Kwanza. Huko kazi ilishika mizizi. Mwaka 1835 Biblia nzima ilikuwa imechapishwa kwa Kimalagasi, mwaka uleule ambao Malkia Ranavalona alipiga marufuku Ukristo katika nchi yake. Waumini waliificha vitabu hivyo na baadhi yao waliuawa.

Safari ya pili ilitujia sisi. Novemba 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, alifika mlima wa Gendia, karibu na Kendu Bay, pamoja na Peter Nyambo, kijana wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Wote wawili walikuwa wamesoma chuo cha wamishonari cha Duncombe Hall huko London. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu mwishoni mwa mwaka 1901, kwa hiyo mwendo wa bara haukuwa tena wa miezi kwa miguu. Lakini ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua watu kando ya ziwa na visiwani, na sisi tunaoishi jirani na Bonde la Lambwe hatuhitaji kuelezwa mbung'o ni nini.

Tunaposimulia habari za Gendia, jina la Carscallen hutangulia na la Nyambo mara nyingi halitajwi kabisa. Kwangu mimi hiyo si haki. Nyambo alitoka kijijini Afrika akavuka bahari hadi nchi ya visiwa, akasoma kwa lugha ya wenyeji wake, kisha akakubali kwenda mahali ambapo hakuwa na ndugu hata mmoja. Na mtu asidhani kwamba kwa kuwa alikuwa Mwafrika alituelewa tangu siku ya kwanza. Lugha za kwao ni za Kibantu. Dholuo si ya Kibantu. Yeye na Mkanada walianza darasa moja, la wasiojua kusema hata "amosi". Carscallen baadaye aliandika sarufi ya Dholuo, akatafsiri sehemu za Agano Jipya, na mwaka 1913 Gendia ikapata mtambo wake wa kuchapa. Nyambo hakukaa sana nasi. Mwaka 1914 alivuka bahari tena kwenda London, sasa akiwa na ombi kwa Mfalme George wa Tano kuhusu malalamiko ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia. Elimu aliyopewa ili aje kutuhudumia, aliitumia pia kuwatetea watu wake.

Sasa turudi kwa wasafiri wetu. Wanaondoka Julai, wakati wa ukavu, na natumaini msomaji anaona sababu. Kila mmoja ahakikishe amechanjwa homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari, kwa sababu cheti hakihesabiki kabla ya hapo. Dawa za kuzuia malaria zitumike hata na wale wanaojisifu kwamba wamezaliwa na mbu wa ziwani. Pasipoti hushughulikiwa Kisumu, na anayengoja wiki ya mwisho atatuimbia kwaheri kutoka gatini.

Lugha isiwatishe sana. Kimalagasi kina undugu na lugha za Borneo, mbali kabisa na zetu, lakini watu wa upande wetu waliovuka zamani waliacha maneno yao humo, hasa ya mifugo. Ng'ombe ni "omby", kuku ni "akoho", na kanga ni "akanga". Kifaransa nacho hutumika ofisini. Na pwani ile, Toamasina ikiwemo, watu wakikutana husalimiana "salama", neno ambalo kwaya nzima inalijua tayari, hata besi.