Kisasili na Historia katika Asili ya Ukristo

Mwaka 1835, David Friedrich Strauss, mkufunzi kijana wa Tübingen, Ujerumani, alitoa kitabu juu ya maisha ya Yesu. Wataalamu wa wakati huo waligawanyika: baadhi waliipokea miujiza kama ilivyoandikwa, wengine waliieleza kwa sababu za kimaumbile. Strauss alizikataa njia zote mbili. Kwake, mengi ya masimulizi hayo yalikuwa visasili, yaani imani ya jumuiya iliyovikwa vazi la matukio kwa kufuata mifano ya Agano la Kale. Alipoteza kazi yake. Na mwaka 1839 upinzani wa wananchi wa Zürich ulimzuia kuushika uprofesa aliopewa.

Yafaa tutambue kwamba Strauss hakukana kuwa Yesu aliishi; aliyefika huko baadaye ni Bruno Bauer. Hoja ya Bauer, hata hivyo, inakwama mbele ya Paulo, ambaye katika Waraka kwa Wagalatia anasema alionana na Yakobo, ndugu yake Bwana. Tacitus naye, Mrumi asiyewapenda Wakristo, anataja kuuawa kwa Kristo chini ya Pontio Pilato.

Kwa hiyo kisasili si uongo, wala si historia. Ni namna jamii inavyolieleza tukio ili lipate maana. Mhakiki asiyevitenganisha viwili hivi hataipata historia, na kisasili pia hatakielewa.