Miaka Mitatu ya Visingizio

Katika kibanda umiza cha mtaani kwetu, msimu ukiisha vibaya, ubishi huwa na mwisho mmoja. Wenye hasira wanasema kocha afungashe virago. Wapole wanasema apewe muda. Kisha mzee mmoja wa benchi la nyuma, ambaye siku nyingi hulipa kiingilio ili aje kusinzia, hufumbua macho na kutaja jina: Ferguson. Hapo watu hunyamaza, kana kwamba imesomwa hukumu ya Mahakama ya Rufani. Mimi mwenyewe nimelitumia jina hilo miaka mingi kumtetea kocha wa timu yangu, mpaka nilipokaa chini nikaipitia upya ile miaka yake ya mwanzo, mechi kwa mechi. Siku hizi silitaji kirahisi.

Alex Ferguson alifika Manchester United Novemba 1986 akitokea Aberdeen ya Uskoti, ambako alivunja utawala wa Celtic na Rangers, na mwaka 1983 akaifunga Real Madrid na kuchukua Kombe la Washindi la Ulaya. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Lakini msimu wa kwanza United ilimaliza nafasi ya 11, uliofuata ya 2, kisha ikarudi palepale, ya 11. Mwaka 1989 alifunguliwa mkoba: wakaja Neil Webb, Mike Phelan, Paul Ince, Danny Wallace, na Gary Pallister ambaye peke yake aligharimu pauni milioni 2.3. Wakati huohuo aliwauza Paul McGrath na Norman Whiteside, vipenzi vya mashabiki, kwa kuwa alichoshwa na pombe na majeraha yao.

Fedha hizo zilinunua nini? Tarehe 23 Septemba 1989 walipigwa 5-1 na Manchester City, majirani waliokuwa wametoka tu kupanda daraja. Webb aliumia kisigino akiichezea Uingereza, akakaa nje miezi. Kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka Februari hawakushinda mechi hata moja ya ligi. Desemba hiyo, Crystal Palace walipowafunga nyumbani, shabiki mmoja alinyanyua bango lililosema, kwa kifupi, kwamba miaka mitatu ya visingizio imetosha, timu bado ni ovyo, kwaheri Fergie.

Watu hulicheka bango lile leo. Mimi naona mwenye bango alikuwa na hoja. Alikuwa na miaka mitatu ya ushahidi mkononi. Hata kuuzwa kwa McGrath hakukuja kumsuta: mwaka 1993 wachezaji wenzake wa Uingereza walimchagua McGrath kuwa mchezaji bora wa mwaka, akiwa Aston Villa, na magoti yake mabovu vilevile. Mwaka huo 1990 United ilimaliza ligi nafasi ya 13, pointi tano tu juu ya shimo la kushuka daraja.

Sasa kwa nini hakufukuzwa?

Sehemu ya jibu haina utukufu wowote. Mwenyekiti Martin Edwards alikuwa anaiuza klabu. Agosti 1989 alikubaliana na mfanyabiashara Michael Knighton kwa pauni milioni 20, na Knighton akaingia uwanjani Old Trafford amevaa jezi, akapiga danadana mbele ya mashabiki kabla ya mechi na Arsenal. Oktoba mpango ukavunjika. Nashuku mtu aliyeiweka nyumba sokoni hana haraka ya kubadilisha mapazia.

Sehemu nyingine ina uzito zaidi, na ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Edwards amesema tangu hapo kwamba hakukusudia kumwondoa, kwa sababu wakurugenzi, akiwemo Bobby Charlton, waliona kazi ambayo msimamo wa ligi hauionyeshi. Ferguson aliongeza wasaka vipaji, akamsukuma Brian Kidd awatafute watoto wa Manchester waliokuwa wakichukuliwa na City. Novemba 1987 alikwenda yeye mwenyewe nyumbani kwa kijana mmoja, siku kijana huyo alipotimiza miaka 14, kumsainisha kabla City hawajashtuka. Kijana alikuwa Ryan Giggs. Mwaka 1989 alikuja mwingine kutoka London, David Beckham. Desemba ya bango, hawa wote walikuwa watoto wa shule. Aliyekaa jukwaani asingeweza kuwaona. Aliyekaa ofisini aliweza.

Kisha ikaja Jumapili ya 7 Januari 1990, Kombe la FA, ugenini kwa Nottingham Forest. Magazeti yalikuwa yameshaamua: akifungwa, kazi hana. Dakika ya 56 Mark Hughes alimimina krosi na Mark Robins, kijana wa miaka 20, akaisukuma kwa kichwa. 1-0.

Hapa niache kidogo. Kwenye benchi la Forest siku ile alikaa Brian Clough, ambaye mwaka 1974 Leeds United walimtimua baada ya siku 44. Clough akaenda zake Forest, akachukua Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980. Kisa hiki nacho hutumiwa kuwazomea wanaofukuza haraka. Kinachosahauliwa ni kwamba Leeds, msimu uleule waliomfukuza, walifika fainali ya Kombe la Ulaya mjini Paris chini ya Jimmy Armfield, wakafungwa na Bayern. Kwa hiyo walikosea au hawakukosea?

Mwaka 2013, alipokuwa anaaga Old Trafford, Ferguson aliwakumbusha mashabiki kwamba siku zake mbaya klabu ilisimama naye, akawaomba wasimame na kocha mpya. David Moyes alikuwa na mkataba wa miaka sita. Alipewa miezi kumi. Nilikasirika sana wakati ule. Nikitazama nyuma, siwezi kutaja kitu kimoja alichokuwa anakijenga ambacho kilihitaji mwaka wa pili ili kionekane. Labda kilikuwepo ofisini, mahali ambapo sisi wa kibandani hatufiki.

Tukirudi 1990: United walikwenda na kombe lile mpaka Wembley, wakatoka sare 3-3 na Crystal Palace, walewale wa Desemba. Marudiano yakapangwa siku tano baadaye. Golini alikuwa Jim Leighton, kipa wa Uskoti ambaye Ferguson alimfundisha Aberdeen tangu ujana wake na kumvuta Manchester mwaka 1988. Leighton alikuwa na msimu mbaya, na fainali ile alicheza vibaya. Ferguson akamweka benchi na kumpanga Les Sealey, kipa wa mkopo kutoka Luton. Beki Lee Martin akafunga bao pekee, na kombe la kwanza la Ferguson pale likapatikana.

Yeye aliyevumiliwa miaka mitatu na nusu hakumvumilia kipa wake siku tano. Mzee wa benchi la nyuma hajawahi kulisema hili, na mimi sijamwambia. Tena huenda Ferguson alikuwa sahihi: Sealey hakufungwa. Lakini urafiki ulivunjika, Leighton hakuwa tena kipa namba moja wa United, akazunguka klabu kadhaa kabla ya kurudi Uskoti. Tarehe 10 Juni 1998, Kombe la Dunia lilipofunguliwa Ufaransa, Uskoti walicheza na Brazil. Kipa wao alikuwa Leighton, umri miaka 39.