Muziki wa filamu Hatari!

Muziki wa filamu Hatari! ulitungwa na Mmarekani Henry Mancini kwa ajili ya filamu ya kusisimua ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Howard Hawks. John Wayne na wenzake wanaigiza watu wanaokamata wanyamapori ili wauzwe kwa bustani za wanyama. Picha nyingi zilipigwa kaskazini mwa Tanganyika, muda mfupi kabla ya uhuru, na jina lenyewe ni la Kiswahili.

Mancini hakuwa chaguo la kwanza. Hawks alisimulia kwamba alimwendea Dimitri Tiomkin, mtunzi mkongwe wa muziki wa okestra, akamwekea sharti: pasisikike fidla wala ala za jamii ya filimbi. Tiomkin alidhani ni utani, akaikosa kazi. Mancini alipewa ala zilizoletwa kutoka Afrika, zikiwemo maganda makubwa ya mbegu ya kutikiswa na ala ndogo ya kuchezwa kwa vidole gumba, ya jamii ya ilimba ya Wagogo.

Hawks alikuwa karibu kulikata tukio la ndovu wachanga kupelekwa kuoga, kwa kuwa halikuisogeza hadithi. Mancini akalitungia "Baby Elephant Walk", na tukio likabaki. Kwa kawaida huwa kinyume: muziki ndio hutupwa, kama ule wa Gabriel Yared kwa filamu Troy (2004), uliokwisha kurekodiwa. Kipande hicho cha ndovu kilimpatia Mancini tuzo ya Grammy ya upangaji wa muziki.