Tone la kioo na siri ya kupoa ghafla

Mwaka 1660, Mwanamfalme Rupert, binamu yake Mfalme Charles wa Pili, aliwasili Uingereza akiwa na matone ya kioo yenye kichwa kinene na mkia mwembamba, mfano wa kiluwiluwi. Kichwa kilipogongwa kwa nyundo hakikuvunjika. Mkia ulipokatwa ncha tu, tone zima liligeuka vumbi.

Mfalme aliwapelekea wanasayansi wa Royal Society kitendawili hicho. Mmoja wao, Robert Hooke, alilipaka tone gundi ya samaki kabla ya kukata mkia, vipande vikabaki vimeshikana, naye akaweza kuona nyufa zilivyopita. Maelezo yake, yaliyochapishwa mwaka 1665, yalikaribia yale yanayokubalika leo.

Tone hilo hutengenezwa kwa kudondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya maji baridi. Ngozi ya nje huganda mara moja, ilhali kiini kingali moto. Kiini nacho kinapopoa hutaka kusinyaa, lakini kimeshikwa na ngozi iliyokwisha kuwa ngumu. Basi ngozi hubanwa kwa nguvu, na kiini hubaki kimevutwa. Ufa haupati nafasi katika ngozi iliyobanwa. Ukishafika kwenye kiini, hakuna cha kuuzuia.

Ilichukua zaidi ya miaka 200 kwa ujuzi huo kuingia kiwandani. Mwaka 1874 Mfaransa Alfred Royer de la Bastie alipata hataza ya kuimarisha kioo kwa kukitumbukiza kikiwa moto sana ndani ya mafuta. Glasi zake zilistahimili kuangushwa, ila baadhi zililipuka zenyewe zikiwa zimetulia kabatini, jambo ambalo halikuwafurahisha wanunuzi.

Dawa ilikuwa ni kupooza kioo kwa usawa. Viwandani leo, kioo hupashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa pande zote mbili kwa pamoja. Kikivunjika, kama kile cha dirisha la pembeni la gari, huwa punje butu badala ya vigae vinavyokata kama visu. Lakini fundi hana budi kukikata na kukitoboa kabla ya kukipitisha tanurini, kwa sababu baada ya hapo kitamfanyia kama tone la Rupert.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watafiti walipima mbano katika ngozi ya tone hilo. Waliukuta unafikia takriban mara 7,000 ya shinikizo la kawaida la hewa.