Tembo wa Dhahabu na Ng'ombe wa Buha

Novemba 1871, Henry Morton Stanley akiwa njiani kwenda Ujiji, msafara wake ulikwama Buha, nchi ya Waha. Kila mtawala alidai hongo, na hongo ililipwa kwa doti za nguo. Mwishowe Stanley aliona mzigo unakwisha, akaamua kuwatoroka usiku kupitia porini. Katika mazungumzo yote hayo dhahabu haikutajwa.

Katika milima ya Buha ambayo leo ni wilaya za Kasulu na Kibondo, zilikokuwa falme za Heru na Muhambwe, akiba ya kwanza ilikuwa ng'ombe. Kwa utaratibu wa ubugabire, mwenye mifugo alimkabidhi mwenzake ng'ombe, naye akalipa kwa utumishi na utii. Kusini kwao, chumvi ya Uvinza, ambayo imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, ilibadilishwa kwa mbuzi na majembe ya chuma. Sokoni Ujiji ilitumika sofi, shanga fupi zilizofanana na vipande vya kiko vilivyokatwa. Ng'ombe alizaa, jembe lililima, chumvi iliungwa kwenye mboga. Hata bei ikianguka, mtu hakubaki mikono mitupu.

Madini ya thamani yaliingia na kodi. Kuanzia 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, wakataka rupia. Sarafu hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na karibu asilimia 92 yake ilikuwa fedha halisi. Aliyeificha chini ya sakafu alikuwa ameficha madini kwelikweli.

Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja. Manowari za Waingereza ziliziba pwani, sarafu kutoka Ujerumani zikakatika, na serikali ikaanza kuchapa noti za dharura. Mwaka 1916, katika karakana iliyokuwa karibu na Tabora, mafundi walitengeneza sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Upande mmoja una tembo mbele ya mlima, wa pili una tai wa Ujerumani. Zilitoka 16,000 na ushei tu. Julai mwaka huohuo Wabelgiji waliteka Kigoma. Septemba wakaingia Tabora.

Sarafu hiyo ina fundisho kwa mnunuzi. Thamani yake rasmi ililingana na mark 20 za Ujerumani, lakini dhahabu yake ni ya karati 18: gramu 7.168 kwa jumla, na dhahabu safi gramu 5.38 hivi. Sarafu ya mark 20 ilikuwa na dhahabu safi gramu 7.17. Aliyetazama maandishi peke yake alipunjwa robo nzima.

Waingereza, waliotawala baada ya Wajerumani, nao walipunguza madini ya sarafu. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921 ilikuwa na fedha robo tu. Kufikia 1948 hata robo hiyo ilikuwa imeondolewa, ikabaki shaba na nikeli. Ni shilingi hizo ambazo vijana wa Kasulu na Kibondo walizifuata kwenye mashamba ya mkonge. Waliitwa manamba, na tangu 1944 waliandikishwa kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba. Aliyerudi na mshahara akanunua ng'ombe aliondoka kwenye sarafu iliyokuwa ikipoteza madini yake, akarudi kwenye akiba ya babu zake.

Leo mwenye akiba anaweza kuchagua dhahabu, ila njia zake hazifanani. Dhahabu ghafi hununuliwa na wenye leseni, na tangu 2019 biashara hiyo imepelekwa kwenye masoko ya madini. Mkufu wa sonara una bei ya ufundi juu ya bei ya uzito, na sehemu hiyo hairudi siku ya kuuza. Kinachorudi ni gramu na karati. Tembo wa Tabora, yaani sarafu ile ya 1916, naye huuzwa kwa wakusanyaji kwa bei inayozidi mno dhahabu iliyomo, jambo lililowavuta waghushi. Kwa hiyo hata yeye hupimwa kwanza: uzito, kisha usafi, ndipo bei izungumzwe.