Nyumba na Mwenye Ufunguo

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango. Maneno haya yalitungwa zamani, lakini yanaifaa pia nyumba ya siku hizi, ambayo taa zake huwaka na vitasa vyake hufunguka kwa amri ya simu ya mkononi. Aionaye nyumba hiyo husifu wepesi wa amri. Ni wachache waulizao amri hupita wapi kabla ya kufika. Historia fupi ya vifaa hivi yaonyesha kuwa swali hilo ni kubwa kuliko yote, kwa kuwa jibu lake humtambulisha mwenye nyumba wa kweli.

Hapo mwanzo amri haikutoka nje ya kuta. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics, katika mji wa Glenrothes huko Scotland, ilibuni utaratibu ulioitwa X10. Amri ilisafiri katika nyaya za umeme zilizokuwamo nyumbani tayari, kutoka kwenye kidude cha kuamrisha hadi kwenye taa. Utaratibu huo haukukosa kasoro: ulikwenda polepole, na mara nyingine amri zilipotea njiani. Hata hivyo, aliyeuza angefunga duka lake kesho, na taa ingeendelea kumtii mwenyewe.

Intaneti ilipoenea, akili ya vifaa ilihamishwa. Mtu akibonyeza simu sebuleni, amri yaweza kusafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni zilizo nchi ya mbali, kisha ikarudi kwenye taa iliyo juu ya kichwa chake. Kompyuta hizo ndizo ziitwazo wingu. Hapana budi tuwe waadilifu: wingu lilileta manufaa. Lilimwezesha mtu kuiangalia nyumba yake akiwa safarini, na lilimpunguzia taabu ya kufunga mitambo asiyoielewa. Lakini kifaa huuzwa mara moja, ilhali gharama ya wingu hudumu kila siku. Hapo ndipo ilipofichwa mbegu ya msiba.

Mbegu hiyo iliota Marekani. Revolv kilikuwa kisanduku cha dola 300 hivi, kilichounganisha vifaa vya watengenezaji mbalimbali. Mwaka 2014 kampuni yake ilinunuliwa na Nest, na tarehe 15 Mei 2016 huduma yake ikazimwa. Kisanduku hakikuvunjika wala hakikuungua. Kilikuwa kizima, ila hakikuwa na kazi tena. Aprili 2022 ikawa zamu ya Insteon, utaratibu uliokuwa sokoni tangu 2005: kompyuta zake zilinyamaza bila wateja kuonywa. Hapa pana funzo kubwa zaidi. Swichi za ukutani ziliendelea kufanya kazi, na wale waliokuwa wakiviamrisha vifaa kwa kompyuta zao wenyewe nyumbani waliendelea kama kawaida. Waliotegemea wingu ndio waliokwama, mpaka mwezi wa Juni, ambapo kikundi cha wateja kiliinunua kampuni na kuifufua.

Hasara ya vitu visivyopatana haikuanza na vifaa hivi. Tarehe 7 Februari 1904 mji wa Baltimore ulishika moto. Wazima moto walikuja kutoka Washington, Philadelphia na New York, lakini mipira mingi ya maji waliyoleta haikuingiana na mabomba ya Baltimore, kwa kuwa kila mji ulikuwa na kipimo chake. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Watu walikuwapo na ushujaa ulikuwapo. Kipimo cha pamoja hakikuwapo.

Kipimo cha namna hiyo ndicho kinachotafutwa sasa kwa ajili ya nyumba. Mwaka 2013 Paulus Schoutsen alianzisha Home Assistant, programu ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu, na ambayo huendeshwa katika kompyuta ya mwenye nyumba mwenyewe. Oktoba 2022 zilitolewa kanuni za Matter, ambazo Amazon, Apple na Google, walio washindani wakubwa, waliungana na wengine kuziandaa ili vifaa vyao visikilizane humo humo nyumbani. Yafaa tuelewe, hata hivyo, kuwa kanuni si kinga kamili. Mtengenezaji aweza kuzitii katika kuwasha na kuzima tu, kisha akazifungia kazi nyingine zote katika wingu lake.

Basi mnunuzi na asihadaike na mlango. Kabla ya kutoa fedha yake na aulize: aliyeniuzia akiondoka, kitu hiki kitaendelea kunitii? Methali yasema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na mtu huyu hategemei hata cha ndugu, bali cha mfanyabiashara asiyepata kumwona. Aliyekabidhiwa nyumba bila ufunguo ni mpangaji, hata akiwa amelipa thamani yote.